Shamba Letu Li Hai

Falaj Sidra, Al Qabil
Februari 12, 1981

Mwanangu Musallam,

Shikamoo yako naiitikia kabla hujaiandika, maana naijua kalamu yako ilivyo nzito: marahaba. Nakusalimu wewe, na mkeo Badriya, na Aliya wangu wa meno manane. Huku hatujambo. Baridi imepungua, mbuzi mweusi amezaa mapacha, na jirani yangu Wadha bado ananigombeza kila asubuhi kwa kusahau kufunga mlango wa uani. Mguu wangu unanisumbua kidogo, lakini si jambo la kuandikwa.

Barua hii nampa Soud wa gari la samaki. Ikikufikia inanuka nguru, usinilaumu mimi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Tangu barabara ya lami ipite, kila mtu hapa anataka kung'oa mitende ajenge maduka. Wenye falaj, mfereji wetu wa maji, wameona hatari, kwani mashamba yote yakigeuka nyumba, nani atausafisha mfereji? Basi wamechagua kamati ya wazee saba wa kumshauri liwali, na mkubwa wao ni Sheikh Azzan. Shauri lao limekubaliwa. Kuanzia mwaka huu kila kipande cha ardhi kilicho chini ya falaj yetu kitatozwa ushuru, uende kwenye matengenezo ya mfereji. Lakini mwenye kuiacha ardhi yake kuwa mitende, akaahidi kwamba kwa miaka kumi hajengi wala hauzi viwanja, anasamehewa ushuru wote na zamu yake ya maji haiguswi. Mwenye kutaka kujenga ajenge, alipe.

Sheikh alitueleza haya barazani kwake, sisi wanawake tumekaa chumba cha ndani, mlango wazi. Alisema ardhi ni mbili tu, maiti na hai. Maiti ni ile iliyotupwa, haina mti wala maji. Hai ni ile inayonyweshwa na kutunzwa, na hiyo ndiyo itakayosamehewa. Mwanangu, maneno hayo niliyaelewa bila mkalimani! Kwa furaha nikapaza sauti kumwambia ni mkweli, "Inti sadiq, ya sheikh!" Watu wakavunjika mbavu. Wadha akanifinya paja, akaninong'oneza kuwa nimemwita sheikh mwanamke. Miaka tisa niko hapa na bado "inta" na "inti" zinanipiga chenga. Kiswahili chetu kina "wewe" mmoja tu, wa mume na wa mke, na watu tunaelewana na tunaoana.

Shamba ni letu sote wawili. Theluthi ni yangu, na theluthi mbili zilikuwa za marehemu kaka yangu Obaid, baba yako, na sasa ni zako wewe mrithi wake pekee. Kamati inataka neno la warithi wote. Itapita mashambani mwezi wa tano. Njoo, mwanangu, tusimame pamoja.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanamize binti Marzouq


Sur
Machi 9, 1981

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na tena shikamoo. Hii ya pili ni ya Aliya. Amejifunza kuitamka vizuri, ila anayemwamkia nayo ni paka. Badriya anakusalimu kwa Kiarabu chake cha Sur, anasema halua uliyoleta Idi iliyopita baba yake bado anaisifu mbele ya wageni. Sisi ni wazima. Kazini mambo ni mengi, kontrakta wetu amepata kujenga skuli na zahanati, na msomaji wa plani ni mimi peke yangu.

Barua yako ilinuka nguru kweli. Paka ndiye aliyeifungua.

Shangazi, nitasema wazi, unisamehe. Mimi sitaki ile miaka kumi. Barabara ya lami imepita ukingoni mwa shamba letu, watu wengine wangelala njaa ili wapate bahati kama hiyo. Tungeng'oa mitende ya mbele tukajenga maduka manne na nyumba juu yake. Baba mkwe yuko tayari kushirikiana nasi. Hizo tende za mabsli mnazochemsha na kuanika, wanunuzi wake wa Bara Hindi wakiacha kesho, mtamuuzia nani? Vijana wote wamekwenda Maskati kutafuta kazi. Nani atapanda mtende, wewe?

Nami ni mtoto wa Tabora. Baba alikuwa na duka, hakuwa na jembe. Sijui hata mtende dume na jike hupambanuliwa vipi. Ulinipokea uwanja wa ndege nikiwa na suti ya baridi mwezi wa saba, ukanicheka mpaka ukakaa chini, na tangu siku ile wewe ndiye mama yangu hapa duniani. Sipendi kufikiria unatembea peke yako kwenye matope ya mfereji. Nimekutengea chumba hapa, kina dirisha la upande wa upepo na mashine ya kupoza hewa.

Tafadhali usiahidi kitu mpaka nije. Mwezi wa tano nitakuja, inshallah.

Mwanao,
Musallam bin Obaid


Falaj Sidra
Machi 28, 1981

Mwanangu,

Marahaba mbili, moja ya Aliya, nyingine mpe paka. Mapacha wa mbuzi wanaruka ukuta. Bidari, yule fundi wetu wa kupanda mitende, amemaliza kupandikiza mbegu za dume kwenye majike, na mwaka huu mashada ni mengi kuliko mwaka jana. Kwa taarifa yako, mtende jike ni ule unaozaa. Jambo hilo hata Tabora lingejulikana.

Ahsante kwa chumba cha mashine ya baridi. Hebu nambie, mimi ni nguru?

Nimeisoma barua yako mara nyingi na sikukasirika. Umesema kweli kuhusu vijana, umesema kweli kuhusu Bara Hindi. Mimi sina plani ya kukujibu nayo. Nitakwambia tu lililokuwako kabla hujaja.

Nilipofika mwaka wa sabini na mbili, nikitoka Unguja na sanduku moja na cherehani, shamba hili lilikuwa maiti. Baba yetu aliliacha akiwa kijana, hakurudi. Mfereji wa ndani umejaa mchanga, mbuzi wa mtaa mzima wanalala humo, mitende imesimama vichwa vikavu. Watu walicheka, wakasema huyu Mzanzibari atakwenda zake kabla mwezi haujaisha. Nami kweli nilitaka kwenda, ila sikuwa na pa kwenda. Nikazoa mchanga kwa karai, mimi na Wadha, ambaye wakati ule hakuelewa neno langu hata moja, wala mimi lake. Tulikuwa tukisukumana na kuonyeshana vidole. Mtende wa kwanza kurudi ulikuwa ule wa karibu na birika la maji. Nilipoona shada lake la kwanza nililia kwa sauti, na Wadha akalia bila kujua kisa.

Basi, ndiyo hayo. Wewe una theluthi mbili. Ukisema tujenge, tutajenga, sitakwenda mahakamani na mtoto wa Obaid. Ila uje uyaseme ukiwa umesimama humo ndani, maji yanapita miguuni. Asiyekuwapo na lake halipo.

Shangazi yako anayekupenda,
Mwanamize


Sur
Mei 6, 1981

Shangazi yangu,

Shikamoo. Aliya alikuwa na homa, sasa ameamka na amevunja kikombe, basi amepona. Badriya hajambo. Joto limekwishaanza.

Shangazi, sitaweza kuja. Meli ya saruji imechelewa, na ikifika lazima niwepo. Najua nilikuahidi. Usinung'unike sana, au nung'unika, haki yako.

Nimeona afadhali usemee pande zote mbili. Chini ya barua hii nimeandika kwa Kiarabu kwamba nimekufanya wakili wangu, na kwamba neno lako mbele ya kamati ni neno langu. Sema utakalo. Sitapinga wala sitaunga mkono.

Badriya ananiambia mimi ni mwoga. Naandika haraka kwa sababu Soud anapiga honi.

Musallam


Falaj Sidra
Mei 30, 1981

Musallam wa moyo wangu,

Alhamdulillahi! Salamu zenu nimezipata, homa ya Aliya nimeisikitikia na kikombe nimekisamehe. Leo sina subira ya kusalimu kwa urefu, nina habari.

Kamati ilikuja Jumatatu, asubuhi baada ya zamu yangu ya maji, shamba zima limelowa na linanukia. Nilikuwa nimefua buibui na nimechemsha kahawa. Sheikh Azzan alizunguka pole pole akishika mashina, akafika mtende wa birika, akala kharari, tende changa, bila kuomba ruhusa, na mimi nikajua ameridhika. Halafu akaitwa kwa mgonjwa, akaondoka na wazee wenzake, akamwachia kazi ya kuandika Marhoun, kijana wa skuli, mwandishi wao. Marhoun alikuwa amekwishasikia kwa wasafiri kwamba mwenzangu wa Sur anataka maduka. Akaniuliza kwa Kiarabu cha vitabu, maneno marefu marefu, mwishowe nikasikia: ardhi yako ni ya namna gani?

Nikamjibu palepale, "Ardh hai!" Akaniangalia. "Ardh hai, mama?" Nikasema, "Hai, hai! Mimi na mwana wa kaka yangu, sote neno moja. Hai!" Nikampa na barua yako ya uwakilishi. Akaandika, akanibusu kichwa, akaenda.

Na jana karatasi imekuja ina muhuri. Unajua mimi Kiarabu cha ofisi sikijui, lakini herufi nazijua, ndizo ninazokuandikia Kiswahili chetu kila siku. Nimeisoma mwenyewe: *ardh*, kisha *hai*, ha na ya, wazi kama jua. Wameandika kuwa shamba letu li hai! Nimelibusu lile neno. Maneno mengine hapo chini siyajui, yamo ya rusumu na mengineyo. Nimeinakili yote kwa mkono wangu nikuletee unisomee, ya asili nimeiweka ndani ya msahafu.

Mwanangu, najua haya si uliyoyataka. Najua umenipa ulimi wako ili usinivunje moyo. Sitakusahau kwa hilo.

Nakuletea na kikapu cha maembe madogo ya Wadha. Kula na wenzako.

Shangazi yako mwenye furaha,
Mwanamize


Sur
Juni 26, 1981

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Maembe yalifika mazima, ila mawili. Aliya ameota meno ya nyuma na anatafuna kila kitu, juzi ametafuna kona ya plani ya zahanati na injinia akataka kujua ni nani aliyebadilisha ukuta. Badriya anashona nguo za Idi. Joto la hapa mwaka huu halisemeki, vyuma vya ujenzi huwezi kuvishika mpaka jua lizame. Baba mkwe alikuja chakula cha mchana, akakaa sana. Bahari imechafuka, samaki ghali.

Karatasi uliyoinakili nimeipata. Nimeisoma.

Nataka kuuliza mambo mawili. Marhoun alipokuuliza, ulimjibu neno "hai" hivyohivyo, bila kuongeza kitu mwishoni? Na mtu akitaka kurudi kwa kamati kusema neno jingine, mlango wao unafungwa lini?

Nauliza tu.

Musallam


Falaj Sidra
Julai 9, 1981

Mwanangu,

Marahaba, na Ramadhani karimu kwenu nyote. Sisi tumefunga na tunachemsha tende kwa pamoja. Masufuria makubwa ya mabsli yako motoni tangu alfajiri, moshi unaingia mpaka kwenye shela, na unaona watu wanachovya mikono kwenye tende tamu za moto bila kuonja hata moja. Hiyo ndiyo saumu. Wadha ameunguza kidole, anasema ni kwa sababu yangu.

Umeandika ukurasa mzima wa meno na vyuma na bei ya samaki, na habari ya karatasi mstari mmoja. Haya. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Uliyoyauliza nayajibu. Nilisema "hai" hivyohivyo, sikuongeza kitu. Ningeongeza nini? Na kamati inafunga masikio yake masufuria ya mwisho yakishuka motoni. Baada ya hapo lililoandikwa limeandikwa, miaka kumi. Wanasema itakuwa siku chache kabla ya Idi.

Sina zaidi. Busu Aliya pale penye jino jipya.

Mwanamize


Sur
Julai 20, 1981

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Sitaandika habari nyingine mpaka niseme hili.

Karatasi haisemi shamba letu li hai.

Waarabu wanaihesabu ardhi kuwa ya kike, kama mtende unaozaa. Ardhi iliyo hai kwao ni *ardh hayya*, ina kitamkwa kinaning'inia mwishoni, na ukikiacha neno si lile tena. *Hay* peke yake ni mtaa. Mtaa wa nyumba, kama wanavyosema hapa Sur hay huu na hay ule. Umemwambia Marhoun, kwa furaha, mara nne, kwamba mimi na wewe kwa neno moja tunataka ardhi yetu iwe ya mtaa wa nyumba. Naye alikwishasikia habari ya maduka, akaona ndivyo hasa. Zile rusumu hapo chini ni ushuru tunaotozwa. Karatasi inaturuhusu kukata viwanja, na zamu ya maji itapunguzwa mwaka ujao.

Nililijua hili dakika ileile nilipofungua barua yako. Badriya alisoma begani kwangu akapiga kigelegele, "Mabruk, ardh hay!" Jioni yake baba mkwe alikuwa amekwishachora maduka nyuma ya kalenda. Shangazi, nilikuwa nimepata kila nililolitaka na sikuwa nimekudanganya wala kukulazimisha. Ulimi wako mwenyewe ndio uliotoa. Ilikuwa ninyamaze tu mpaka masufuria yashuke.

Nikakaa nikuandikie jibu zuri. Nilitaka kuandika, "Hongera, kweli wameandika shamba letu li hai." Nikafika kwenye neno "hai" nikashindwa. Nilichana karatasi, nikaanza tena, nikashindwa tena. Wewe ulilibusu lile neno. Ulipoliandika lilikuwa kweli tupu, kwa sababu wewe hulijui lile jingine. Mimi nayajua yote mawili, na kwa mkono wangu lingekuwa uongo. Ndipo nikakuandikia habari za meno na vyuma. Naona haya, shangazi. Hilo neno "haya" la Kiswahili kumbe nalo liko karibu sana na lile Marhoun alilolikosa.

Badriya nilimweleza jana. Nilidhani atakasirika. Aliuliza, "Amelibusu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi nenda. Baba mkwe hajui bado, na nitakapomwambia sitasifiwa.

Nakuja Alhamisi na Badriya na Aliya. Nampa Soud barua hii, lakini kwa Soud huyu huenda mimi nikafika kwanza.

Mwanao anayekupenda na anayeona haya,
Musallam


Falaj Sidra
Agosti 9, 1981

Mwanangu Musallam,

Marahaba. Idi yenu na iwe ya heri na ndefu. Mmeondoka na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mapacha wa mbuzi wanamtafuta Aliya, na Wadha anadai Badriya ameahidi kurudi kumfundisha ule mshono wa Sur wa nyuzi za fedha. Mguu wangu umeuona, basi hatutausema tena, na mkongojo ulionichongea ni mrefu mno, lakini natembea nao kwa ajili yako.

Barua yako ya mwezi wa saba imefika leo. Soud aliisahau chini ya barafu. Nusu ya wino umeyeyuka, lakini nimeisoma yote, na nimelia kidogo, machozi ya kawaida. Mengi yaliyomo ulikwisha kuniambia kwa kinywa siku ile mlangoni, umefunga, midomo imekauka, hata hujaweka mizigo chini: "Shangazi, kuna herufi imepungua." Nami nikashika kifua nikasema, "Herufi gani tena, mwanangu?"

Na baadaye nikasimama nyuma ya mlango wa Sheikh Azzan nikakusikia. Ulisema "hayya" kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. Maskini Marhoun aliona aibu kuliko sote, akaongeza ile herufi papo hapo. Kisha sheikh akakuuliza, "Na wewe, mwana wa Obaid, ile miaka kumi umeikubali?" Kabla hujajibu nikawa nasoma kila dua niijuayo. Uliposema naam, haikuwa naam ya mtu anayetaka kumaliza shughuli aende zake. Ndiyo iliyonikalisha chini.

Sasa na mimi nina langu la kukwambia, usikasirike.

Wadha anasoma Kiarabu. Hukuwahi kujiuliza? Siku ileile niliyompa Soud barua ya furaha, nilikwenda kumwonyesha Wadha ile karatasi ya asili, akasoma, akaniangalia kama mtu aliyemwona nyoka. Akanieleza yote, hay na hayya, rusumu na viwanja. Alitaka twende kwa sheikh papo hapo. Nikavaa buibui. Nikafika mlangoni. Nikarudi nikakaa.

Ndiyo, mwanangu. Nililijua. Barua yako ya meno niliisoma nikijua, na nilipokujibu "Ningeongeza nini?" nilijua vilevile. Wadha aliniita mwendawazimu mwezi mzima. Kidole aliunguza akinigombeza.

Ningeweza kwenda mwenyewe kulisahihisha, barua yako ya uwakilishi wanayo tayari. Lakini nilifikiri hivi. Mimi ni mzee, na mguu si wangu tena. Nikilisahihisha peke yangu, nimelifunga shamba miaka kumi kwa mtu asiyelitaka. Ningekufa katikati, nawe ungelishika kama mtu anavyoshika mzigo wa mwenzake kituoni, akiangalia tu mwenye mzigo atakuja lini. Mbuzi wangerudi. Mchanga ungerudi. Na wewe ungenilaani, ungenilaani kwa adabu, lakini ungenilaani. Nikaona kama ni hivyo, afadhali liwe maduka, angalau utakuja kukusanya kodi na utanisalimu kaburini.

Nikasubiri. Masufuria yalikuwa yanapungua motoni, na kila moja lililoshuka lilishuka na moyo wangu. Nilikupenda nikiwa sina hakika nawe. Ni kazi kubwa kuliko kuzoa mchanga.

Wasema Waarabu wanaihesabu ardhi kuwa ya kike. Nimelielewa sasa na sitalisahau. Ndiyo maana ina subira.

Lile chipukizi ulilopanda na Aliya karibu na birika limesimama. Bidari amelifunga makuti lisiungue. Naligawia maji kila zamu, lakini kila nikilifikia naliambia lisubiri wenyewe, maana umeahidi mwisho wa kila mwezi kuja, na gari la Soud linapita hapa njiani. Njoo umenuka nguru, nitakupokea vivyo hivyo.

Mwanangu, shamba nilikuwa nikilijua siku zote kwamba li hai. Nilichokuwa sikijui ni kama lina mwenyewe.

Shangazi yako,
Mwanamize